Nusu ya Kichwa cha Salome

Usiku ule nililalia ubavu wa kushoto, kama nesi alivyoniagiza, mto mmoja chini ya tumbo na mwingine nyuma ya mgongo. Mimba ilikuwa imebakiza wiki tatu. Mume wangu Elia alikuwa anakoroma taratibu kando yangu, na binti yangu Neema, wa miaka tisa, alikuwa amelala chumba cha pili. Nayataja haya yote ili ijulikane kwamba nililala kitandani kwangu nikiwa na akili zangu timamu. Watu wawili nimeshawasimulia ndoto hii na wote wameniuliza kama nilikuwa na homa. Sikuwa na homa.

Ndotoni ilikuwa mchana. Nilikuwa saluni kwangu, kile chumba cha mbele cha nyumba yetu ninachosukia watu, na nje jua la Singida la saa nane lilikuwa limewafukuza watu wote barabarani. Nilikuwa nachambua rasta, zile nywele bandia za kusukia. Nikasikia hodi, nikasema karibu, na kabla sijafunga mdomo mwili wote ukanisisimka, kwa sababu sauti ile niliijua. Bibi yangu alitufundisha tangu wadogo: aliyekufa akikuita ndotoni, usiitikie. Mimi tayari nilikuwa nimeitikia.

Akaingia Salome. Alikuwa amevaa lile gauni lake la kliniki la maua ya njano, ila tumbo halikuwepo, gauni linaning'inia tu mbele. Upande wa kulia wa kichwa chake ulikuwa umesukwa vizuri, mistari myembamba iliyonyooka, kazi ya mikono yangu mwenyewe. Upande wa kushoto nywele zilikuwa zimesimama vilevile nilivyoziacha siku ile.

Siku ile ni lazima niieleze, maana bila hiyo ndoto haina kichwa wala miguu.

Salome alikuwa rafiki yangu na jirani yangu, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mtaani yeye alikuwa Mama Tumaini na mimi Mama Neema, na hao wasichana wetu walikuwa wanakaa dawati moja. Huku kwetu mwanamke akikaribia kujifungua husuka, kwa sababu akishapata kichanga ni nani tena atampa saa nne za kukaa kwenye kigoda. Basi, miezi sita kabla ya ndoto hii, Salome alikuja, tumbo kubwa, akakaa katikati ya magoti yangu, nikaanza upande wa kulia. Wiki ile kliniki alikuja dada mmoja wa msaada wa kisheria, akawa anawaambia wajawazito waandike wosia mapema, waseme nani atalea watoto na nyumba ni ya nani. Mimi sikuwepo, lakini habari zilinifikia, kwa kuwa saluni ndiko habari zinakolala. Wanawake walimzomea yule dada. Waliona anawatabiria kifo.

Salome hakumzomea. Nikiwa kwenye mstari wa sita au wa saba akasema, "Mama Neema, hebu nisikilize. Likitokea la kutokea, ile nyumba ni ya Tumaini. Niliijenga kwa jasho langu kabla hata sijaolewa. Na Tumaini akae kwa mama yangu kule Ikungi, yeye na mdogo wake, na shule asiache. Nimekwambia wewe."

Nikamwambia, "Acha uchuro. Inamisha kichwa."

Akacheka, akainamisha kichwa. Haikupita nusu saa uchungu ukamshika pale pale kwenye kigoda. Tulipokuwa tunamwingiza kwenye bajaji alijishika kichwa upande wa kushoto, akasema, "Utamalizia nikirudi." Mtoto alipona. Yeye hakurudi. Nasikia wale mama waliomwosha walifumua ile nusu niliyokuwa nimeisuka, kwa sababu maiti hazikwi na nywele zilizofungwa.

Kikao cha ukoo kilikaa siku ya nne, chini ya turubai, nyumbani kwake. Mimi nilikuwa nahudumia chai. Katibu alikuwa na daftari, anaandika muhtasari wa kupeleka mahakama ya mwanzo, akauliza, "Marehemu aliacha neno lolote?" Watu wakanyamaza. Mume wake aliangalia vidole vyake. Mimi nilikuwa nimesimama na birika nyuma ya shemeji mkubwa wa Salome, kaka wa mume wake, neno lote ninalo mdomoni. Lakini jirani hasemi kwenye kikao cha ukoo wa watu. Utaambiwa umetumwa, utaulizwa kilichokuleta. Nikamimina chai.

Shemeji mkubwa ndiye aliyeteuliwa kusimamia mirathi, na sasa anaishi kwenye ile nyumba na familia yake. Kichanga kilipelekwa kwa shangazi yake, mji wa mbali, na Tumaini akapelekwa huko huko ili ambebe mdogo wake. Shule aliiacha darasa la nne. Neema hadi leo anakaa dawatini peke yake, na kila mara akiniuliza rafiki yake atarudi lini, namwambia amuulize Elia.

Huyo ndiye Salome aliyesimama mlangoni kwangu na nusu ya kichwa. Mtoto tumboni akatulia tuli, kana kwamba na yeye anasikiliza.

Ameshika bakuli la uji. Unatoa moshi. Ananinyooshea.

"Kunywa," anasema.

Hata hilo bibi alitufundisha. Chakula cha aliyekufa hakiliwi ndotoni, ukikila umekubali kwenda naye. Uji ulikuwa wa ulezi, na harufu yake ilikuwa tamu sana, mate yakanijaa. Mjamzito na uji wa ulezi mnajua wenyewe. Nikashika mdomo kwa mikono yote miwili, nikasema kupitia vidole, "Nimeshiba, mama. Asante."

Hakulazimisha. Akaliweka bakuli chini, akavuta kigoda, akakaa katikati ya magoti yangu kama siku ile, akanipa kisogo.

"Malizia."

Sikutaka. Nasema kweli, sikutaka hata kumgusa. Lakini mikono ya msusi ina tabia yake, ikikutana na kichwa inaanza kazi bila kuuliza. Nywele zake zilikuwa za baridi na zina unyevu, kama zimetoka kuoshwa sasa hivi. Nikagawa mstari, nikasuka, nikafika mwisho, nikafunga. Nikagawa wa pili. Nilipoangalia wa kwanza ulikuwa umefumuka. Nikarudia. Nikaangalia wa pili, umefumuka. Jasho linanitoka, nasuka haraka haraka, na kila ninachosuka kinafunguka chenyewe, polepole, bila mkono wa mtu.

"Kuna kitu hujakifunga," akasema, bila kugeuka.

Nainua macho nimuulize ni kitu gani, na tuko kliniki. Sikumbuki kutembea. Niko kwenye lile benchi refu, nimebanwa katikati ya wajawazito wenzangu, kila mmoja na kadi yake mkononi. Salome simwoni tena, ila benchi pale ninapoliegemea lina baridi ile ile. Mbele yetu yuko yule dada wa msaada wa kisheria na karatasi zake. Safari hii nilikuwepo kweli, si ndoto tu: Jumatano ya wiki hii niliyoota, alikuwa amerudi, na mimi nilikuwa mstari wa mbele. Akatuambia wosia hauiti kifo, kama mwavuli usivyoita mvua. Akasema mtu akiandika na mashahidi wakaweka saini, siku ya kikao hakuna atakayeuliza kama marehemu aliacha neno. Na mimi, kwa huu mdomo wangu, nilimjibu mbele ya watu wote, "Dada, sisi tumekuja kupimwa, hatukuja kuzikwa." Benchi zima likacheka. Karatasi aliyonipa niliifungia chumvi.

Sasa ndotoni anasema maneno yale yale, na benchi zima linacheka, lakini kila mwanamke anacheka kwa sauti yangu. Midomo ishirini, kicheko kimoja, changu. Nikaziba masikio.

Nesi anatoka na kuita, "Salome." Hakuna anayesimama. Anaita mara ya pili. Anatikisa kichwa, anachora mstari kwenye daftari lake, anasogeza kidole chini.

"Pendo."

Hilo ni jina langu. Wenzangu wote wakanigeukia, hakuna anayecheka tena. Wakavuta miguu yao kunipisha. Sikutaka kusimama, lakini benchi lenyewe likaniinua. Nikapita mlango wa chumba cha kupimia, na ndani hakuna mzani wala kitanda. Ni uani kwangu.

Turubai limefungwa kutoka ukuta wa saluni hadi mti wa mwarobaini. Wanaume kwenye viti, wanawake kwenye mikeka. Nikamuuliza mama mmoja, kuna nini, nani amefariki? Hakunijibu. Wanawake wamejifunga khanga viunoni wanapika wali, na nikaona wanapikia sufuria yangu kubwa, ile ya kingo nene ambayo simwazimi mtu, hata Elia anajua. Sufuria ile haitoki ndani nikiwa hai. Hapo ndipo nilipoelewa.

Nikashika tumbo. Halipo. Gauni langu linaning'inia mbele.

Nikatazama huku na huku nikitafuta kichanga, mgongo wa nani, kwenye khanga ya nani. Nasikiliza kilio. Sisikii chochote, na hofu hiyo sijawahi kuipata maishani na siombei hata adui. Sikujua kama mtoto wangu amebaki huko au nimekuja naye.

"Tuendelee," anasema Yoeli, kaka mkubwa wa Elia. Ni mtu mwema Yoeli, sina ugomvi naye, ndiye aliyebeba mahari yangu. Kando yake kuna katibu na daftari. "Marehemu aliacha neno lolote?"

Elia yuko kwenye kiti cha plastiki, anaangalia vidole vyake.

"Hakuacha," Yoeli anasema. "Andika. Nyumba hii ni ya Elia."

Nyumba ile niliinunulia kiwanja mimi, kwa kusuka vichwa vya watu, Neema akiwa mgongoni, miaka minne kabla sijamjua Elia. Karatasi ya mauziano ninayo, ina saini ya mwenyekiti wa mtaa na mashahidi wa pande zote. Nilikuwa nimeificha chini kabisa ndani ya boksi la rasta kuukuu pale saluni, na sikuwahi kumwonyesha binadamu yeyote. Mama yangu ndiye aliyenifundisha kwamba mwanamke asionyeshe alipoweka vitu vyake. Nikaona hekima yake imegeuka sumu.

"Karatasi ipo," nikasema. "Iko kwenye boksi la rasta. Nyumba ni yangu, ni ya Neema na mdogo wake."

Wakanyamaza kidogo, wote, jinsi watu wanavyonyamaza upepo ukipiga turubai. Kisha wakaendelea.

"Na huyu binti?" katibu anauliza.

Nikamwona Neema. Amekaa kwenye ngazi ya saluni na sare zake za shule, mkoba magotini.

"Huyu si damu yetu," anasema mzee mmoja, kwa upole kabisa, bila ubaya wowote. "Aende kwa baba yake."

"Baba yake hajulikani alipo."

"Basi yule binamu wa marehemu aliyeko mnadani anahitaji mtu wa kumsaidia kazi za nyumbani. Tumpeleke kule."

Katibu akaandika. Nikamgeukia Elia. Elia anampenda Neema, amemfundisha kuendesha baiskeli, anamwita mwanangu mbele ya watu. Nikamshika bega, nikamtikisa, nikamwambia sema, baba, sema neno. Hakuinua macho. Na nitamlaumuje? Ni lipi la kusema, wakati mimi mkewe sikuwahi kumwambia neno? Mficha maradhi kilio humuumbua, na kilio chenyewe ndicho kile, kwenye uwanja wangu, kwenye sufuria yangu.

Wanawake wakaanza kusafisha saluni. Wanatoa vitana, vioo, wanatoa mifuko ya nywele zilizochanwa. Nywele hazitupwi ovyo, zinachomwa, kila mtu anajua. Mmoja wao akatoka na boksi la rasta kuukuu. "Na hizi?" akauliza. "Choma," wakamwambia.

Nikakimbia. Mnajua mbio za ndotoni, ardhi inashika nyayo. Nilipofika rasta zilikuwa zinayeyuka, moshi mweusi, harufu ya plastiki inanichoma koo, na chini kabisa nikaona ukingo wa karatasi unajikunja, na saini ya mwenyekiti ikageuka kahawia, kisha nyeusi. Nikaingiza mkono motoni. Sikusikia joto. Hilo lilinitisha kuliko moto wenyewe.

Nikapiga kelele ili yeyote anisikie. Hakuna aliyegeuka isipokuwa mmoja. Nyuma ya kiti cha Yoeli alikuwa amesimama mwanamke na birika la chai, nusu ya kichwa chake imesukwa. Ananitazama moja kwa moja. Amenisikia, kila neno. Nikamwomba aseme. Nikampigia magoti pale majivuni, nikasema, Salome, wewe wanakuona, waambie.

Akainamisha birika. Akamimina chai.

Nikaona aibu iliyonizidi hofu. Alinifanyia kile kile nilichomfanyia, wala hakukuwa na hasira usoni mwake. Alipomaliza kikombe cha Yoeli akaja hadi nilipopiga magoti, akaniambia kwa sauti ya kawaida ya jirani:

"Mimi nilikwambia wewe. Wewe umemwambia nani?"

Na tuko saluni tena, sisi wawili, mlango umefungwa. Safari hii mimi ndiye niliyekaa kwenye kigoda na yeye yuko nyuma yangu. Sioni uso wake. Naona mbele yangu kile kioo kirefu, na ndani ya kioo naona ndoo ya maji, sabuni mpya ambayo haijafunguliwa, na kitambaa cheupe kilichokunjwa juu ya stuli. Nimewahi kusaidia kuosha maiti. Vitu vile navijua vinavyopangwa.

Vidole vyake vinaingia kwenye nywele zangu. Vinafumua.

"Zamu yako," anasema. "Inamisha kichwa."

Nikamshika viganja. Nikavishika kwa nguvu zangu zote, nikasema, "Salome, usinichukue. Nina mtoto tumboni. Nina Neema."

"Hata mimi nilikuwa nao," anasema.

Nililia. Nilimwambia nisamehe, niliogopa, jirani hasemi kwenye kikao cha watu. Nilimwambia yote niliyokuwa nimejiambia kwa miezi sita, na ndani ya chumba kile kila neno lilisikika kuwa dogo na la kijinga. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akaitoa mikono yake kwenye mikono yangu, taratibu, na akainama sikioni kwangu, nikasikia pumzi yake ya baridi shingoni.

"Sikukufuata wewe," akasema. "Nimefuata nusu yangu."

Nikaamka napiga kelele.

Shuka lilikuwa limelowa na nikajua chupa ya uzazi imepasuka, wiki tatu kabla, ndiyo safari yenyewe. Nikapapasa. Ilikuwa jasho. Nikaweka mikono miwili tumboni nikasubiri, na kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko ndoto nzima hakikutikisika kitu. Halafu akanipiga teke la ubavuni, kali, la mtu aliyekerwa usingizini. Nikashukuru Mungu kwa sauti.

Dirishani kulikuwa kumeanza kuwa kweupe na jogoo wa jirani alikuwa kazini. Elia alikuwa ameketi, macho makubwa.

"Umeota nini?"

"Nimeota nimekufa."

"Mke wangu, ndoto mbaya haisimuliwi kabla ya kunawa uso. Uchuro huo."

"Elia, nikifa leo, karatasi ya hii nyumba iko wapi?"

Akafikiri. "Si iko kwenye sanduku la nguo?"

"Haipo huko. Na Neema atakaa na nani?"

Akainamisha macho, akaangalia vidole vyake, vilevile kabisa, na damu ikanikauka mwilini kwa sababu nilikuwa macho sasa na sikuwa na kitu cha kuamkia. Nikamwambia yote. Boksi la rasta, Yoeli, turubai, yule binamu wa mnadani. Maneno ya Salome siku ninamsuka, ambayo sikuwahi kumwambia hata yeye, na chai niliyoimimina. Mara mbili nilikatiza kusikiliza kama kuna hodi.

Elia hakusema uchuro tena. Akasema, "Neema hatoki hapa. Lakini mimi kusema tu hivi hivi, Kaka Yoeli atanishinda, unanijua." Akajikuna kidevu. "Kalamu iko kwenye mfuko wa shati langu la kazi."

Nikachukua daftari la Neema la hesabu, nikafungua katikati pasipoandikwa. Nilikumbuka maelezo ya yule dada wa kliniki niliyejifanya simsikii: mashahidi wajue kusoma na kuandika, wasiwe wa kurithi, mmoja awe wa ukoo, na wanione nikiweka saini. Tukakubaliana asubuhi ile tumwite mwalimu wa Neema na shangazi yangu wa Majengo, yule anayesomea watu barua. Niliandika jina langu kamili, si Mama Neema, kwa sababu mahakamani hakuna anayemjua Mama Neema. Niliandika nyumba na saluni ni za watoto wangu, Neema na huyu aliye tumboni, awe wa kike au wa kiume, sawa kwa sawa, na Elia aishi humo nao hadi mwisho wake. Niliandika nisipokuwepo Neema abaki na Elia, na Elia akishindwa, dada yangu Rhoda awachukue wote wawili pamoja, wasitenganishwe. Niliandika karatasi ya mauziano iko wapi. Herufi zilikuwa mbaya kuliko za Neema, lakini zilisomeka. Elia alizisoma moja moja kwa kidole, akatikisa kichwa kukubali, akaenda saluni mwenyewe kulitoa lile boksi.

Alipotoka nikageuza ukurasa. Nikaandika: "Mimi Pendo, msusi, nilimsikia marehemu Salome kwa masikio yangu akisema nyumba yake ni ya Tumaini, na Tumaini na mdogo wake wakae kwa bibi yao Ikungi, na Tumaini asiache shule. Nilisikia hayo na sikuyasema kwenye kikao." Sijui mahakama itapokea vipi maneno ya msusi mmoja yaliyochelewa miezi sita, na pengine haitayapokea. Lakini mama yake Salome yuko hai, na shemeji yake yupo, na watanisikia mmoja baada ya mwingine kabla sijaingia leba. Nikizuiwa mlangoni nitasemea mlangoni.

Elia akarudi na boksi, vumbi mikononi, karatasi ya mauziano ameishika kwa ncha za vidole. Akaniona nimeinama, bado naandika.

"Si umemaliza?" akauliza. "Hayo mengine ni nini tena?"

"Ni kichwa cha mtu," nikamwambia. "Nilikiacha nusu."